Taa ya ABS Ikiwaka: Namna ya Kupima na Kutambua Hitilafu ya Mfumo wa Haidroliki wa Breki za Gari

Wamiliki na madereva wa magari katika Kata ya Bangwe na maeneo mengine ya Manispaa ya Kigoma Ujiji wanashauriwa kutopuuza taa ya ABS inapowaka na kubaki ikiwaka kwenye dashibodi, na kutokubali taa hiyo izimwe kwa kuchomoa balbu au fyuzi. Kufanya hivyo hakuondoi hitilafu. Kunamnyima dereva taarifa tu, na kumwacha abiria na mtembea kwa miguu katika hatari wasiyoijua.

Makala haya yanaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, hatua za kuupima na mambo ambayo mwananchi anapaswa kumuuliza fundi kabla ya kulipia kipuri chochote.

Mazingira ya Kigoma

Magari mengi yanayotumika mkoani Kigoma yaliingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na sehemu kubwa ya magari hayo yana mfumo wa ABS. Yanapofika mwambao wa Ziwa Tanganyika hukutana na hewa yenye unyevu, vumbi la barabara za changarawe wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Vumbi na matope hujikusanya kwenye sensa za magurudumu. Unyevu huingia katika mafuta ya breki na katika viunganishi vya nyaya.

Vilevile, safari za kutoka mjini kuelekea Manyovu, Buhigwe na Kasulu hupita katika milima yenye miteremko mirefu. Breki inayokanyagwa muda mrefu katika mteremko hupata joto kali, na hapo ndipo udhaifu uliojificha katika mafuta au vali hujitokeza.

Mfumo unavyofanya kazi

ABS ni mfumo unaozuia magurudumu kujifunga dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililojifunga huteleza, na gari linaloteleza halifuati usukani. Mfumo wa kielektroniki wa aina hii uliotengenezwa na kampuni ya Bosch ulianza kuwekwa katika magari ya Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, kisha ukaenea katika magari ya kawaida.

Mfumo una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni sensa za mwendo katika magurudumu. Ya pili ni kompyuta ya ABS, ambayo hulinganisha mwendo wa magurudumu yote. Ya tatu ni kitengo cha haidroliki, yaani bloku ya chuma iliyounganishwa na mabomba ya breki, yenye vali za umeme, pampu na mota.

Kwa kawaida kila mkondo wa breki unaodhibitiwa una vali mbili. Vali ya kuingizia hukaa wazi ili mafuta yapite kwenda kwenye gurudumu. Vali ya kutolea hukaa imefungwa. Kompyuta ikibaini kwamba gurudumu linakaribia kujifunga, huifunga vali ya kuingizia ili shinikizo lisiongezeke. Gurudumu likiendelea kupunguza mwendo kupita kiasi, vali ya kutolea hufunguliwa na shinikizo hupungua, huku pampu ikirudisha mafuta upande wa masta silinda. Gurudumu likianza kuzunguka vizuri, shinikizo hurudishwa. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ndiyo sababu dereva huhisi pedali ikitetemeka mguuni na kusikia mngurumo. Hali hiyo si ubovu, na dereva hapaswi kuachia pedali.

Ieleweke pia kwamba ABS haifupishi umbali wa kusimama katika kila barabara. Kwenye changarawe au mchanga, umbali huo unaweza hata kuongezeka. Faida yake kubwa ni kumwezesha dereva kuendelea kulielekeza gari.

Maana ya taa za dashibodi

Swichi inapofunguliwa, taa ya ABS yenye rangi ya njano inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano kwamba balbu imeungua au imeondolewa. Mnunuzi wa gari lililotumika anashauriwa kuangalia jambo hili kabla ya kulipa.

Taa ya njano ikibaki ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa jumla zinaendelea kufanya kazi, lakini kinga ya kujifunga kwa magurudumu haipo. Gari liendeshwe kwa uangalifu hadi kwa fundi.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka wakati breki ya mkono imeachiwa, hali ni nzito zaidi. Mafuta yanaweza kuwa yamepungua au yanavuja. Taa zote mbili zikiwaka pamoja, mgawanyo wa nguvu za breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unaweza kuwa umepotea, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Livutwe hadi gereji.

Hatua ya kwanza: ukaguzi wa macho na mafuta

Upimaji sahihi huanza na mambo mepesi. Fundi huangalia kiwango cha mafuta katika chupa ya masta silinda, unene wa pedi, mipira ya breki, mabomba na dalili za uvujaji katika kila gurudumu. Mafuta yakipungua bila kuvuja popote, huenda pedi zimelika; kuyajaza bila kukagua pedi ni kuficha tatizo.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mapya huchemka katika nyuzi joto zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini yakishika maji kwa asilimia 3.7 kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kwa urahisi, na pedali huzama bila gari kusimama. Unyevu huohuo huleta kutu ndani ya vali na pampu ya kitengo cha haidroliki. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wengi wa magari huelekeza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Aina ya mafuta imeandikwa kwenye mfuniko wa chupa. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu dukani au gereji isitumike. Mafuta ya injini au ya usukani yakiingia katika mfumo wa breki huvimbisha mipira ya ndani, na matengenezo yake huwa ya gharama kubwa.

Hatua ya pili: umeme na usomaji wa hitilafu

Betri dhaifu inaweza kuwasha taa ya ABS. Betri nzima yenye chaji kamili huonesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 injini ikinguruma. Baada ya hapo hukaguliwa fyuzi, rile na waya wa kitengo cha ABS unaofungwa kwenye bodi ya gari. Waya huo ukishika kutu, mota ya pampu hukosa nguvu hata kama haijaharibika.

Kisha fundi huunganisha mashine ya kusoma hitilafu. Mashine ndogo zinazosoma injini pekee hazitoshi. Inahitajika yenye uwezo wa kuingia katika kompyuta ya ABS. Katika magari mengi ya Toyota, namba C0200 huelekeza kwenye saketi ya sensa ya gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto. Namba C0226, C0236, C0246 na C0256 huhusu saketi za vali za umeme, na C0273 na C0274 huhusu rile ya mota ya pampu.

Pale ambapo mashine haipo, baadhi ya magari ya Toyota huruhusu kuunganisha tundu namba 4 na namba 13 katika soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, kisha taa ya ABS huhesabu namba ya hitilafu kwa kumweka. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua, kwa kuwa tundu namba 16 lina umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Namba ya hitilafu huonesha saketi yenye tatizo, haitoi hukumu kwamba kipuri kimekufa. Namba ya sensa inaweza kusababishwa na waya uliokatika, kiunganishi chenye maji au matope yaliyoganda.

Hatua ya tatu: sensa za magurudumu

Sensa ya aina ya zamani, yenye koili na sumaku, hupimwa ukinzani kwa multimita. Mara nyingi kipimo huwa kati ya ohmu mia kadhaa na elfu mbili hivi, kutegemea gari; kilicho muhimu ni kulinganisha na sensa ya upande wa pili pamoja na kitabu cha gari. Gurudumu likizungushwa kwa mkono, sensa hiyo hutoa umeme mdogo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Sensa za kisasa hazipimwi kwa njia ya ukinzani. Huchunguzwa kwa kuangalia umeme zinaopewa na taarifa zinazoonekana kwenye mashine.

Njia yenye majibu ya haraka ni kuangalia mwendo wa magurudumu manne kwenye mashine, gari likitembea polepole katika eneo la wazi huku msaidizi akisoma. Mwendo wa gurudumu moja ukionekana kuruka au kubaki sifuri, tatizo limepatikana. Iwapo pedali inatetemeka gari linapokaribia kusimama katika barabara kavu, mara nyingi chanzo ni pete ya meno iliyopasuka, kutu chini ya sensa au tairi za ukubwa tofauti. Bering zenye sumaku ya kusomea mwendo zikifungwa kinyume, sensa haitasoma kitu.

Hatua ya nne: kitengo cha haidroliki

Kitengo hiki ni ghali, na ndicho ambacho wananchi huuziwa kabla hakijapimwa. Majaribio matatu husaidia kufikia uamuzi wa haki.

Jaribio la kwanza ni la pedali. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna hewa katika mfumo. Ikizama polepole huku imekanyagwa na hakuna uvujaji wa nje, inawezekana mipira ya masta silinda imechoka au vali ya kutolea ndani ya kitengo haifungi vizuri. Ili kutofautisha, fundi huziba matundu ya masta silinda kwa plagi maalumu. Pedali ikiwa ngumu na haishuki, masta silinda ni nzima na uchunguzi uendelee mbele yake. Ikiendelea kuzama, tatizo ni masta silinda yenyewe.

Jaribio la pili ni la vali. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, gia ikiwa huru. Mtu mmoja hukanyaga breki, mwingine hujaribu kuzungusha gurudumu, ambalo linapaswa kugoma. Kisha mashine huamriwa kufunga vali ya kuingizia na kufungua ya kutolea ya gurudumu hilo. Gurudumu likiwa huru, na amri ikiondolewa likagoma tena, vali zinafanya kazi. Lisipolegea, vali imekwama au haipati amri.

Jaribio la tatu ni la pampu. Mashine huamuru mota iwake kwa muda mfupi. Isiponguruma, fundi hupima kwanza kama umeme unafika kwenye kiunganishi chake. Ukifika na mota isizunguke, kitengo ndicho kibovu.

Tahadhari inahitajika kwa magari yanayotunza mafuta ya breki kwa shinikizo kubwa, yakiwemo baadhi ya Land Cruiser na magari ya haibridi. Kabla ya kulegeza bomba lolote, shinikizo lipunguzwe kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari husika.

Kutoa upepo na jaribio la mwisho

Baada ya kitengo kubadilishwa, kutoa upepo kwa kukanyaga pedali pekee kunaweza kuacha hewa ndani ya bloku. Magari mengi huhitaji mashine ifungue vali na kuzungusha pampu wakati mafuta yanatolewa. Hitilafu zilizohifadhiwa zifutwe, kisha gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo katika eneo lisilo na watu, kamwe si katika mteremko au barabara yenye watoto wa shule.

Wajibu wa mmiliki na fundi

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani chombo kibovu, na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani lina mamlaka ya kukagua magari. Wajibu huo hauondoki kwa sababu fundi alisema gari liko sawa.

Mwananchi anayo haki ya kuoneshwa namba ya hitilafu kabla ya matengenezo, kuelezwa kipimo kilichofanyika, kukabidhiwa kipuri cha zamani na kuoneshwa kwamba namba hiyo haijarudi baada ya kazi. Fundi asiye na mashine au plagi za kupimia aseme hivyo na kumwelekeza mteja kwa mwenye vifaa. Vijana wanaotaka kuingia katika fani hii wanaweza kupata mafunzo ya ufundi wa magari kupitia vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA).

Kwa ufupi, mpangilio ni huu: mafuta na pedi, betri na fyuzi, kusoma hitilafu, sensa, na mwisho kabisa kitengo cha haidroliki. Anayeanza na kitengo kabla ya kupima sensa anaweza kumfanya mteja alipie kipuri kikubwa kwa sababu ya matope yaliyoganda kwenye gurudumu.