Proteus (meli)

Meli-mama ya nyambizi katika Jeshi la Maji la Marekani, iliyoshushwa baharini mwaka 1942, ikaanza utumishi Januari 1944, na Agosti 1945, katika ghuba ya Sagami, Japani, ikapokea ubavuni mwake nyambizi za Kijapani zilizosalimu amri. Katika 1959–1960 ilikatwa kati ikaongezwa kipande cha mita 13 hivi, ipate nafasi ya makombora ya Polaris, na Machi 1961 ikatia nanga Holy Loch, Uskoti, kisha ikahudumu miaka mingi kisiwani Guam. Katika kumbukumbu za mabaharia wa meli za namna hii, vita husimuliwa kwa nadra; husimuliwa zaidi karakana za kukereza na kusubu vyuma, kazi za usiku kucha ili nyambizi isikawie kwenda doria, na ile dhihaka ya kale, isiyokosa chembe ya ukweli, kwamba chombo chao, kwa kukaa sana pahali pamoja, kimepanda mwamba wa machicha ya kahawa yao wenyewe. Iliondolewa utumishini 1992.