Mbegu Juu ya Mafiga: Hifadhi ya Mbegu Katika Nchi ya Wasukuma

Tutajapo utamaduni wa Wasukuma, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, hasa mashindano ya Wagika na Wagalu baada ya mavuno. Ni haki yao, kwani ngoma hizo zina sifa. Lakini upo urithi mwingine ambao bila huo mavuno yenyewe yasingekuwapo, nao ni elimu ya kuchagua na kuhifadhi mbegu.

Katika nyumba ya jadi ya Shinyanga, chakula kilikaa kihengeni, bali mbegu zilikaa jikoni, na kwa kawaida mwenye mamlaka juu yake alikuwa mama wa nyumba. Kazi ilianza shambani kabla ya kuvuna. Masuke ya mtama na uwele yaliyokomaa vema yalikatwa mbele ya mengine, yakafungwa vicha na kutundikwa juu ya mafiga, ili moshi uyakaushe na kufukuza fukusi. Kunde na mbegu za maboga ya bustani ya nyumbani zilichanganywa na jivu na kutiwa kibuyuni, kisha mdomo wa kibuyu ukazibwa kwa udongo au samadi. Njugu mawe na karanga ziliachwa ndani ya maganda yake.

Mtu asidhani kuwa hayo yalikuwa mazoea matupu. Jivu hujaza nafasi baina ya punje, likamzuia mdudu kupita, tena humkwaruza ngozi hata akapoteza maji na kufa. Na kuhusu kukausha, wataalamu hukadiria kuwa kila asilimia 1 ya maji inayopungua ndani ya mbegu hurefusha uhai wake ghalani karibu maradufu.

Viazi vitamu vilikuwa na shida yake. Michembe na matobolwa hukaa miezi mingi, lakini hayaoti. Mbegu ya kiazi ni marando, nayo ilibidi yavushwe kiangazi yakiwa hai, katika vijiplot vya unyevu kando ya visima na mabondeni. Bonde likikauka, mtu alikwenda kuomba kwa jamaa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa njaa, kama wakati wa ukame wa 1973 na 1974. Kihenge kikiwa kitupu, masuke yale yalibaki yakining'inia juu ya chungu kisicho na kitu, mbele ya macho ya watoto. Kuyapika kulikuwa kushiba siku chache na kukosa cha kupanda mvua inyeshapo.

Pamba ilileta desturi nyingine kabisa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilizalisha aina zilizopewa herufi UK kwa jina la kituo hicho. Mkulima aliuza pamba pamoja na mbegu iliyomo. Kiwanda cha kuchambua kilitenga nyuzi, na mbegu ya msimu uliofuata ikarudi kwake kutoka huko. Mpango huo ulisaidia kueneza aina bora, jambo ambalo hatuwezi kulibeza. Hata hivyo, mtu aliweza kulima pamba maisha yake yote asichague hata mbegu moja, hali mkewe akichagua kila mwaka masuke ya mtama.

Katika miaka ya 1940 na 1950, familia nyingi za Kisukuma zilihamia Geita, katika nchi ya Wazinza, kutafuta ardhi isiyochoka. Mwaka 1974 wakazi wa Shinyanga walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kuhama nyumba ni kuhama na jiko, na mbegu ilikuwa sehemu ya jiko hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa Tabora dumuzi, mdudu mgeni kutoka Amerika, akaenea hadi Shinyanga. Wakulima walimwita Scania, kwa jina la yale malori makubwa. Alipenda hasa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, kama ilivyokuwa desturi. Ndipo wakulima wakashauriwa kupukuchua na kuchanganya punje na dawa ya unga.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika miji iliyokua kwa dhahabu, wengi hununua unga na kupikia mkaa, na jiko la mkaa halina moshi wa kukausha masuke. Mwenye bustani huko huweka mbegu katika dumu la plastiki. Dumu huzuia wadudu vizuri kama kibuyu, ila halikaushi: mbegu iliyofungiwa ikiwa na unyevu huoza humo humo, kazi ambayo zamani mafiga yaliifanya yenyewe kila jioni chakula kilipopikwa.