Waraka, Dokezo na Mawasiliano Kazini

Achunguzaye istilahi za ofisi zetu ataona kwamba nyingi zina mwelekeo: baadhi huteremka, baadhi hupanda. Mwelekeo huo ni sehemu ya maana yake, nao umetokana na historia.

Katika misafara ya karne ya 19, mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi wa Kinyamwezi. Enzi ya ukoloni neno hilo, kwa umbo la ‘nyapara’, lilikuja kumtaja msimamizi afikishaye amri kwa vibarua. Serikali ya Wajerumani nayo iliandikiana na maakida kwa Kiswahili: amri ziliteremka, taarifa zikapanda. Chini ya Waingereza, Kiingereza kilishika ngazi za juu, na Kiswahili kikatumika zaidi ngazi za chini.

Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na maneno ya masijala yakahitajika. Leo ‘waraka’, neno ambalo asili yake ni karatasi au barua tu, ni agizo rasmi la mkubwa kwa walio chini yake. ‘Dokezo’, kutokana na kudokeza, yaani kugusia jambo bila kulimaliza, ni maandishi ya ndani ya ofisi, aghalabu ya kumwomba mkubwa uamuzi. Adabu ya ngazi imo ndani ya maneno yenyewe: mkubwa hutoa waraka, mdogo hudokeza.

Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi ili sauti ya kiwandani imfikie meneja. Hata hivyo, kazi ya mabaraza hayo ilikuwa kushauri. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno na dharau. Wafanyakazi waliushika: katika migomo iliyofuata waliutaja dhidi ya mameneja wao, na ‘unyapara’ likawa neno la lawama.

Hapana budi, basi, mfasiri awe mwangalifu. ‘Mawasiliano’ limetokana na ‘wasiliana’, na kiambishi -an- kinadai pande mbili. Maneno ya mkubwa yasiyongoja jibu ni agizo, na yaitwe hivyo. Tukiita kila agizo mawasiliano, mfanyakazi ataambiwa kwamba amesikilizwa ilhali ameamriwa tu, naye hatakuwa na neno la kudai kile alichonyimwa.