Metali ya Gitaa na Metali ya Kemia

Ukitaja "metali nzito" mbele ya mwalimu wa kemia mjini Mbarara, atakueleza habari za zebaki, risasi na kadmiamu, na jinsi zinavyodhuru mwili. Sema "chuma kizito" pale Kaberebere, kwenye barabara ya kwenda Kikagati, na atakayeitika ni fundi wa kuchomelea mageti. Gitaa halimjii yeyote akilini. Ndiyo taabu ya kutafsiri neno kwa neno jina la hevi metali, muziki wa gitaa.

Uzito unaotajwa ni wa sauti. Mpiga gitaa Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili, tena vya mkono wa kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba, kisha akazilegeza. Kufikia albamu ya tatu ya bendi yake, Black Sabbath, mwaka 1971, gitaa lake lilikuwa limeshuka chini kabisa ya sauti ya kawaida. Juu ya hapo weka mkwaruzo: amplifaya inasukumwa kupita uwezo wake hadi vilele vya mawimbi ya sauti vinakatika. Bila mkwaruzo huo, hakuna metali.

Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hahitaji kufika Birmingham ili aujue mkwaruzo huo. Konono Nº1 ya Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi Mawangu, ilifungia ala za likembe maikrofoni za kujitengenezea kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari. Sauti ikatoka imechubuka, na uchubuko huo ndio ulioitangaza duniani albamu yao ya 2004, *Congotronics*. Muziki wao si metali, ila wameonja chumvi ileile.

Biashara ya hevi metali ilinoga miaka ya 1980. Runinga ya MTV ilianza kurusha video za muziki mwaka 1981. Novemba 1983 *Metal Health* ya Quiet Riot ikashika namba moja Marekani, albamu ya kwanza ya hevi metali kufika hapo. Albamu ya 1991 ya bendi ya Metallica, yenye jina hilohilo, imepita nakala milioni 16 nchini humo peke yake. Pesa ilipoingia, jina likavutwa: hata bendi laini, zenye sifa ya nywele kuliko gitaa, zikapachikwa humo.

Huku kwetu soko hilo halikufika, lakini muziki wenyewe upo. Kampala ilizaa bendi ya Vale of Amonition. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walirekodi Kampala albamu iliyotoka 2020, kali kuliko metali yoyote ya redioni. Mswahili akisikia jina lao humwaza mnyama mwenye mbio. Wao wamelitoa kwenye Kikuyu, likiwa na maana ya giza.

Basi "metali nzito" tuwaachie wanakemia. Muziki huu uitwe metali tu: bendi ya metali, gitaa la metali, na hevi metali ibaki kwa ule wa enzi za Black Sabbath na warithi wao wa miaka ya 1980. Kuhusu mkwaruzo hakuna haja ya kuunda neno jipya, maana spika ikiharibika watu husema inakwaruza. Watangazaji wa Kiswahili na walimu wa muziki waanze kuyatumia maneno haya hivyo.