Mkalimani kati ya Wakili na Shahidi

Katika Mahakama ya Butali, Malava, swali la wakili laweza kumfikia shahidi Mkabrasi kwa kinywa cha mkalimani. Anayehojiwa hapo ni nani hasa? Suala hili lilizuka waziwazi Kapenguria, kaskazini ya Kitale, katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano (1952–1953). Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alipinga ukalimani wa Louis Leakey, hata Leakey akajitoa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi wa serikali, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Wanahistoria wameushika uongo huo, na ni haki yao. Sisi wanaisimu, nadhani, tuna deni jingine: yaliyosemwa kwa Kikikuyu mle mahakamani yalihifadhiwa kwa Kiingereza tu.