Redio ya Taifa na Walioimiliki

Watu husema, "Redio imesema," kana kwamba chombo kile kina akili yake chenyewe. Lakini redio haisemi ila maneno ya wale walioishika. Kwa hiyo yafaa sisi tukaao mbali na Dar es Salaam, kama hapa Maretadu katika nchi ya Mbulu, tujue redio ya taifa imepita katika mikono ya nani, na kila mwenyewe aliitumia kwa kazi gani.

Mwanzo wake ni mwaka wa 1951, Serikali ya Waingereza ilipoanzisha Sauti ya Dar es Salaam. Mitambo yake ilikuwa midogo, na matangazo yake yalisikika mjini na kando kando yake tu. Mwaka wa 1956 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililofuata mfano wa BBC ya Uingereza, na watu wakalijua kwa herufi zake, TBC. Shirika hilo ndilo lililokuwapo nchi ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961.

Hata mwaka wa 1965 shirika likavunjwa, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya wizara. Serikali mpya iliona kwamba chombo chenye nguvu namna hii chafaa kuwa mkononi mwake katika kazi ya kujenga taifa. Basi vipindi vikageuka: masomo ya shule, mashauri ya kilimo, siasa, na habari za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Lugha ya wananchi wote ilikuwa Kiswahili. Jambo hili lilisaidia sana kuunganisha makabila zaidi ya 120. Lakini lilikuwa na gharama yake, maana mzee ajuaye Kiiraqw tu hakuwa na budi kumngoja mtoto wa shule amfasirie.

Katika miaka hiyo lilitokea jambo la kukumbukwa. Mwaka wa 1973 ilifanywa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, ikaendelea kwa majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Redio ilikuwa ya Serikali, na mafundisho yalitoka juu. Hata hivyo mwanakijiji hakuwa sikio tu, alikuwa na ulimi pia.

Baadaye ikaja sheria ya mwaka wa 1993, iliyowaruhusu watu binafsi na mashirika ya dini kutangaza. Mwaka wa 1994 zikaanza Radio One na Radio Tumaini. Redio ya Serikali haikuwa peke yake tena. Mwaka wa 2002 iliunganishwa na televisheni ya taifa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na miaka michache baadaye taasisi ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania. Herufi TBC zikarudi, lakini zamani zile hazikurudi pamoja nazo.

Basi, wasomaji, tumeona majina mengi na wenyewe wengi. Mkoloni alikuwa na shauri lake, Serikali ya uhuru ilikuwa na lake, na mfanyabiashara naye ana lake. Kuwa na redio nyingi ni heri, lakini wingi wa sauti si sawa na kusikilizwa. Mtu aweza kugeuza kitufe kutoka redio hii hata ile kutwa nzima, asiulizwe neno.

Kikundi cha kusikiliza hakihitaji mitambo mipya wala sheria mpya. Chahitaji redio moja, kiongozi ajuaye kusoma, na saa moja ya mazungumzo. Walimu wenzangu, jambo hili tunaliweza. Kipindi na kije kwa Kiswahili, na mazungumzo yafuate kwa Kiiraqw, ili bibi aliyekuwa akingoja kufasiriwa apate naye kusema lake.