Idhini na utambulisho katika maombi ya kuingia

idhini *nm* [i-/zi-] ruhusa itolewayo na mwenye mamlaka au mwenye mali, *kt* idhinisha. Katika TEHAMA: haki ya programu kutenda jambo fulani kwa niaba ya mwenye akaunti. Lisichanganywe na *utambulisho*, yaani uthibitisho kwamba mwombaji ndiye anayejitaja.

Tofauti hii haikuletwa na kompyuta. Barua ya mtendaji inayompeleka mkazi wa Masoko benki mjini Tukuyu humtambulisha tu. Haimpi haki ya kutoa fedha katika akaunti ya jirani. Kwa hilo huhitaji idhini ya jirani mwenyewe.

Tafsiri isiyozingatia tofauti hiyo huumbuka pale kiolesura cha programu, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuiomba nyingine huduma, kinapobadilishwa. Hadi Agosti 2010, programu za wasanidi wa nje ziliweza kuingia Twitter kwa kutuma jina na nywila ya mtumiaji. Njia hiyo ilipofungwa, ilibidi zitumie OAuth: mtumiaji hujitambulisha kwa Twitter yenyewe, nayo programu hupewa tokeni yenye mipaka. Wasanidi walilazimika kuandika upya maombi yao ya kuingia, na waliosoma maelekezo yanayoita kila kitu “ruhusa” hawangejua hatua ipi imebadilika.

*Tokeni* nayo ina mtego. Msomaji wa Tanzania huijua ya LUKU, tarakimu 20 zinazotumika mara moja tu. Ya Daraja, kiolesura cha M-Pesa cha Safaricom nchini Kenya, hutumika tena na tena kwa sekunde 3,600. Basi iandikwe “muda wa tokeni umekwisha”, si “tokeni imeshatumika”.

Kiingereza chenyewe hakisaidii. Jina la jibu namba 401 hudokeza kukosa idhini, ilhali maana yake ni kwamba utambulisho haupo au haukukubaliwa. Anayekosa idhini hupewa 403. Yote mawili yakifasiriwa “huna ruhusa”, msanidi ataomba tokeni mpya mara kumi bila kufika popote.

Matumizi: 401, “Utambulisho haujathibitishwa”, 403, “Huna idhini ya kitendo hiki”. *Ithibati* liepukwe hapa, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa vyuo na taaluma zilizokidhi viwango.